Hendrix hakupewa vidole na moshi

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinijia ofisini, gita likiwa mgongoni, akaniomba nimfunze kupiga solo kama Jimi Hendrix. Nilifurahi, kwa maana si jambo la kila siku kijana kumtaja mpigaji aliyefariki kabla ya wazazi wake kuzaliwa. Furaha yangu haikudumu. Kijana aliendelea kunieleza, kwa sauti ya mtu anayefichua siri, kwamba amesikia vidole vya Hendrix vilifunguliwa na dawa za kulevya, na kwamba asiyevuta kitu hawezi kufika alikofika bwana huyo. Akaniuliza kama ni kweli.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia arudi Ijumaa. Naliandika jibu langu hapa kwa sababu naamini si yeye peke yake aliye na swali hilo, na kwa sababu sisi walimu aghalabu hulikwepa kwa kumkemea anayeuliza. Kukemea si kujibu. Hebu tuyatazame maisha ya mtu huyu tangu mwanzo, ndipo tuamue.

Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba, 1942, katika jiji la Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mamake, Lucille, alikuwa msichana wa miaka 17. Babake, Al, alikuwa jeshini. Mtoto aliitwa Johnny Allen, lakini babake aliporudi kutoka vitani alimbadilishia jina mwaka 1946, akawa James Marshall. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki na ugomvi. Wazazi walitalikiana mwaka 1951, na mama akafariki mwaka 1958, mwanawe akiwa na miaka 15.

Kabla ya kupata gita, kijana alishika ufagio akajifanya anapiga. Mwaka 1957, alipokuwa akimsaidia babake kazi ya vibarua, aliokota katika takataka ukulele kuukuu uliosalia na uzi mmoja tu. Mwingine angeutupa. Yeye aliutumia uzi huo mmoja kufuatisha nyimbo alizozisikia, noti baada ya noti, kwa sikio. Mwaka uliofuata alipata gita kuukuu la mbao kwa dola 5, na mwaka 1959 babake akamnunulia la umeme.

Alikuwa mashoto, na magita ya dukani yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Alilipindua gita juu chini na kuzifunga nyuzi upya ili ile nene ibaki juu. Mwalimu wa muziki hakuwa naye, wala hakujua kusoma noti zilizoandikwa. Walimu wake walikuwa sahani za santuri: Muddy Waters, B.B. King, Howlin' Wolf na wengineo, magwiji wa muziki wa blues. Alisikiliza, akajaribu, akakosea, akarudia.

Nisifiche mabaya. Shule aliiacha mwaka 1960 bila kuhitimu. Alikamatwa mara mbili akiwa katika magari ya wizi, akatakiwa achague kati ya jela na jeshi. Mwaka 1961 akajiunga na kikosi cha askari wa miavuli kambini Fort Campbell, Kentucky. Kwa uaskari hakufaa, na mwaka 1962 aliruhusiwa kuondoka. Hata hivyo, huko kambini alikuwa ameagiza gita lake kutoka nyumbani, na huko ndiko alikokutana na mpiga besi Billy Cox, rafiki aliyepiga naye hadi mwaka wake wa mwisho.

Sasa nafika kwenye miaka ambayo mashabiki wengi huiruka, nayo ndiyo miaka yenye jibu. Kuanzia 1962 hadi 1966 Hendrix hakuwa nyota. Alikuwa mpigaji wa kuajiriwa, akizunguka katika vilabu na kumbi za Wamarekani weusi, usiku hadi usiku, akiwasindikiza wengine. Alipiga na Isley Brothers mwaka 1964, kisha akamfuata Little Richard, wakaachana mwaka 1965 baada ya mizozo kuhusu kuchelewa kwake na mbwembwe zake jukwaani. Katika bendi hizo kazi yake ilikuwa ridhimu. Alitakiwa kushika mapigo, kumwachia mwimbaji nafasi, na kunyamaza panapostahili kimya. Solo ilikuwa ya kuombewa ruhusa, na ilikuwa fupi.

Mwanafunzi anayetaka solo kabla ya ridhimu anataka paa kabla ya ukuta. Ukimsikiliza Hendrix kwa makini utagundua kwamba solo zake zimesimama juu ya miaka hiyo ya usindikizaji. Alikuwa na vidole virefu, na kidole gumba chake alikipitisha juu ya shingo la gita kubonyeza uzi wa besi, huku vile vinne vikibaki huru kupamba. Kwa njia hiyo mtu mmoja alitoa besi, ridhimu na solo kwa pamoja. Wimbo wake Little Wing wa mwaka 1967 haufiki hata dakika 3, lakini mbinu hiyo yote imo.

Mbinu zake nyingine nazo zinaweza kufundishwa darasani bila siri yoyote. Aliegemea sana skeli ya noti tano, ambayo ukianzia E huwa na E, G, A, B na D, kisha ukairudia. Mtoto anaweza kuikariri kwa siku moja. Kazi ngumu ni kuzitamkisha noti hizo tano. Hendrix aliubonyeza uzi kisha akausukuma kando hadi sauti ikapanda na kufika barabara kwenye noti inayofuata, si chini yake wala juu yake. Akifika hapo, aliutikisa uzi taratibu ili noti itetemeke kama koo la mwimbaji. Kisha alipumzika. Wapigaji wetu wa benga wanaijua siri hii: gita la solo huzungumza na mwimbaji, likimjibu anaponyamaza. Hendrix, aliyekuwa mwimbaji na mpigaji kwa wakati mmoja, alijijibu mwenyewe.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kwake methali hiyo iligeuka. Kwao hawakumtunza, alitunzwa ugenini. Mwaka 1966 Chas Chandler, mpiga besi wa kundi la Animals la Uingereza, alimkuta akipiga katika mkahawa mmoja mjini New York, akamchukua hadi London mwezi wa Septemba. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, Hendrix aliruhusiwa kupanda jukwaani pamoja na kundi la Cream, na Eric Clapton, ambaye vijana wa London walimwona mfalme wa gita, alibaki ameduwaa. Msomaji na azipime tarehe hizo. Mtu aliyemduwaza Clapton alikuwa na siku chache tu mjini. Umaarufu, fedha na makundi ya watu wa kumpa kila aina ya dawa vilikuja baadaye. Vidole vilikuwa tayari.

Aliunda kundi la watu watatu akiwa na Noel Redding na Mitch Mitchell. Mwaka 1967 walitoa albamu mbili, na mwezi wa Juni mwaka huo akalichoma moto gita lake jukwaani Monterey, California. Picha hiyo ya moto ndiyo wengi wanayoikumbuka, nami nasikitika, kwa maana kuchoma gita hakuhitaji mazoezi.

Afadhali tukumbuke alichokirekodi mwaka 1968, alipouchukua wimbo All Along the Watchtower wa Bob Dylan na kuutilia solo ambayo ningependa kila mwalimu wa lugha aisikilize. Solo hiyo ni insha ya aya nne. Katika ya kwanza anapiga noti wazi, bila pambo. Katika ya pili anatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, na sauti zinaelea. Katika ya tatu anakanyaga kanyagio la wawa na gita linatamka kama kinywa kinachofunguka na kufumba. Katika ya nne anaacha noti mojamoja na kupiga noti kadhaa kwa pamoja, mapigo ya ridhimu yale yale ya miaka ya vilabuni, hadi sauti inapanda na kumrudishia mwimbaji wimbo wake. Kila aya ina wazo lake, na hakuna inayorudia iliyotangulia. Huo si ulevi. Huo ni mpango wa mtu aliyefikiri.

Tarehe 18 Agosti, 1969, asubuhi, katika tamasha la Woodstock, aliupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gita lake, akiuchanganya na milio kama ya mabomu wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Milio hiyo aliitoa kwa wenzo wa kulegeza nyuzi na kwa mvumo unaozuka gita linaposogezwa karibu na spika. Kelele ambayo wengine waliiona hitilafu ya mitambo, yeye aliifuga ikamtii.

Na dawa za kulevya, je? Zilikuwapo, nami siwezi kuwadanganya wanafunzi wangu. Lakini tuulize zilimfanyia nini. Mwishoni mwa Agosti 1970 alifungua studio yake mwenyewe mjini New York, Electric Lady, ndoto ya mwanamuziki yeyote. Tarehe 18 Septemba alikuwa maiti mjini London, akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa amemeza vidonge vingi vya usingizi, akasakamwa na matapishi yake mwenyewe. Tangu afike London hadi afariki ilikuwa miaka 4 hivi. Dawa hazikumpa hata noti moja ambayo miaka ya ridhimu haikuwa imempa. Zilimnyima zote ambazo angepiga baada ya hapo.

Nina sababu ya kuandika kwa uchungu. Chuoni nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa mpigaji wa solo kunishinda mara kumi. Mimi nilimpigia ridhimu. Yeye pia aliusadiki uongo huu wa moshi. Nilimwona akianza, nikaona mikono yake ikianza kutetemeka, nami nikanyamaza kwa kuogopa kuitwa mshamba. Leo haishiki gita. Kimya changu cha siku zile ndicho kilichonifanya nisimkemee kijana yule ofisini, kwa sababu walau yeye aliuliza.

Ijumaa alirudi. Nilimsimulia haya yote, kisha nikamtolea nyuzi tano katika gita lake, nikamwachia mmoja. Nilimtaka ajifunze wimbo wowote anaoupenda kwa uzi huo mmoja, kwa sikio, halafu aje. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeomba mkate akapewa mbegu. Baada ya wiki mbili alirudi na wimbo mzima.

Walimu wenzangu, tusiyafiche maisha ya watu kama Hendrix kwa kuogopa mwisho wake. Tuyasimulie yote, kuanzia ukulele wa takataka hadi kitanda cha London, na tuwaonyeshe wanafunzi sehemu ipi ilijenga na ipi ilibomoa. Na nyinyi wanafunzi, kabla ya kuitamani solo, tafuteni mtu wa kumsindikiza.

Kijana wangu sasa ana nyuzi zote sita. Ameikamilisha aya ya kwanza ya ile insha, na ya pili anaihangaikia kila jioni baada ya masomo. Wakati mwingine mimi humpigia ridhimu.