Sayyid Khalifa bin Harub na Vita Visivyokuwa Vyake

Msomaji akiuliza kwa nini naandika habari za Sultani wa Unguja nami niko Usenge, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria unaotazamana na kisiwa cha Mageta, jibu langu ni fupi. Vita vilivyomfika Sayyid Khalifa bin Harub juu ya kiti chake vilifika na huku, wala hapakuwa na raia aliyeshauriwa, si pwani wala ziwani.

Sayyid Khalifa alizaliwa Maskati mwaka 1879, akaja Unguja mwaka 1893 akiwa bado kijana. Alimwoa Bibi Matuka, binti wa Sayyid Hamud bin Muhammad. Shemeji yake, Sayyid Ali, alipojiuzulu mwaka 1911, kiti kikawa chake. Lakini kilikuwa kiti kilichopunguka. Tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa wake kwa bendera, wao kwa utawala.

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wazi ili nchi za bonde la Kongo, na Afrika Mashariki pamoja nazo, zisiingizwe katika vita vya Wazungu. Gavana wa Kijerumani, Dk. Schnee, alitamani mlango huo utumiwe. Haukutumiwa. Mwezi Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliipiga Dar es Salaam. Tarehe 12 Septemba walipigana Kisii, upande huu wa ziwa. Siku nane baadaye manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, wakafa mabaharia zaidi ya 30.

Mtihani mkubwa ukaja Novemba. Dola ya Uturuki, iliyojitangaza kuwa haina upande huku imekwisha kufunga mkataba wa siri na Ujerumani, iliingia vitani, na jihadi ikatangazwa Istanbul kwa jina la Khalifa wa Waislamu. Wajerumani waliupeleka mwito huo kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Sayyid Khalifa aliwataka Waislamu watulie na wawe pamoja na Waingereza, na wengi walimsikiliza.

Alifanya vyema? Mimi nasema tumpime kwa alichokijua. Mwaka 1896 Sayyid Khalid bin Barghash aliwakaidi Waingereza, nao wakaliangusha jumba lake kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, watu mamia wakapoteza roho zao. Sayyid Khalid huyo huyo alikuwa hai Dar es Salaam chini ya ulinzi wa Wajerumani. Sayyid Khalifa angeteleza kidogo, palikuwa na mwingine wa kukalia kiti. Waingereza walimkamata Sayyid Khalid katika vita hivyo, wakampeleka uhamishoni, na hatimaye akafariki Mombasa mwaka 1927.

Hata hivyo utulivu wa pwani haukuwaokoa wanyonge. Mwaka 1917 watu wa Nyanza walikusanywa kwa nguvu wawe wapagazi. Wakateremshwa kwa reli kutoka Kisumu, wakabebeshwa vyakula na risasi hadi kusini mwa Tanganyika. Waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jumla yao ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo ndilo kumbukumbu yao.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Uturuki ilikuwa imeanguka, na mwaka 1924 ukhalifa wenyewe ukafutwa. Bara ya Kenya ikafanywa koloni mwaka 1920, kipande kikavikwa shingoni mwa mfanyakazi, na mwishoni mwa 1921 watu wa huku Nyanza wakakutana Lundha, Gem, kutoa malalamiko yao. Sayyid Khalifa alibaki na bendera yake. Alitawala hadi alipofariki Oktoba 1960, karibu miaka 49, na miaka mitatu baadaye ukanda wa pwani ukaingia Kenya huru.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Sayyid Khalifa aliwaepusha watu wake na kishindo cha tembo mmoja; wa ziwani hawakupata wa kuwaepusha. Mwenyezi Mungu amrehemu, na watoto wetu waambiwe habari za wote wawili, mfalme na mpagazi.