Rudolf Geigy: Kutoka Mkia wa Kiluwiluwi Hadi Ifakara

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya sekondari kwetu bonde la Kilombero. Siku ya somo la ukuaji wa chura nilichora ubaoni yai, kisha mpira wa seli, kisha kiluwiluwi. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono. Alitaka kujua nani anaziambia seli za ubongo ziende kichwani na za utumbo ziende tumboni. Nikamwambia anakili mchoro kwanza, hilo tutalirudia. Hatukulirudia. Kusema kweli sikuwa na jibu, na niliona aibu kukiri mbele ya darasa.

Niliporudi chuo nikaingia maktaba. Katika kitabu cha embriolojia, kwenye sura ya viluwiluwi, nikakutana na jina Geigy, 1941. Nikashtuka. Mimi nimezaliwa Ifakara, na jina hilo nimelisikia kwa wazee tangu mdogo: ndiye Mswisi aliyeanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Nilidhani ni majina tu kufanana. Kumbe ni mtu yuleyule.

Rudolf Geigy alizaliwa mwaka 1902 huko Basel, Uswisi, katika ukoo uliokuwa na kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy. Ni kampuni hiyo ambamo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa njaa. Lakini yeye alichagua zoolojia, na swali lililomvuta ujanani ni ndugu wa swali la mwanafunzi wangu: kiumbe hujipangaje kutoka kwenye yai moja?

Mwaka 1931 alitoa matokeo ya jaribio lake kwenye mayai ya nzi wa matunda. Aliyamulika mayai kwa mionzi ya urujuanimno, upande wa nyuma tu. Nzi walikua, wakaonekana wazima, ila walikuwa tasa. Sehemu ile ndogo ya yai ndiyo inayotoa seli za uzazi, ambazo baadaye husafiri ndani ya kiinitete mpaka kwenye tezi za uzazi. Ukiziua mapema, tezi zinabaki tupu.

Kwa chura pia seli husafiri, na hapo ndipo nilipopata jibu langu. Yai likishagawanyika na kuwa mpira wa seli, seli za upande mmoja hujibana na kuzama ndani, nyingine zikizifuata kama mkeka unaokunjwa. Nyingine hupenyezana katikati, na mwili unarefuka. Hakuna msimamizi anayepiga filimbi. Kila seli ina protini juu ya ngozi yake, ziitwazo kadherini, zinazoishika seli jirani kwa msaada wa kalsiamu. Zikishikana mno, hakuna kinachosogea. Zikiachiana kabisa, kiinitete kinasambaratika. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walizitenganisha seli za viinitete vya amfibia, wakazichanganya, nazo zikajitenga upya zenyewe: za ngozi nje, nyingine ndani.

Jina la Geigy kitabuni lilihusu hatua ya baadaye, pale mkia wa kiluwiluwi unapoyeyuka. Yeye na wengine walihamisha vipande vya mwili wa kiluwiluwi. Ncha ya mkia ukiipandikiza kiwiliwilini, wakati wa kugeuka chura ukifika inayeyuka vilevile. Jicho ukilipandikiza mkiani, linabaki zima ingawa mkia unatoweka. Homoni inafika mwili mzima, lakini kila tishu inaitika kadiri ya ilivyo, siyo mahali ilipokaa.

Angeweza kuishia hapo, profesa wa mayai na viluwiluwi. Lakini mwaka 1943 ilianzishwa Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi mjini Basel, na Geigy akawa mkurugenzi wake wa kwanza, kazi aliyoifanya hadi 1972. Mwaka 1949 akafika Ifakara, ambako tayari kulikuwa na wamisionari Wakapuchini kutoka kwao. Alikuta bonde lenye malaria, malale na homa ya papasi. Mtu wa hadubini akaanza kuokota papasi kwenye sakafu za nyumba za udongo na kwenye mashimo ya ngiri. Mwaka 1957 maabara ikafunguliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikafuata kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini.

Tusimfanye malaika. Alikuja enzi za ukoloni, akiwa na pesa na jina, na nyumba alizookota papasi zilikuwa za babu zetu. Lakini maabara haikufungwa alipoondoka. Katika miaka ya 1990 ikawa kituo cha Kitanzania, na utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Kilombero na Ulanga umesaidia watu mbali sana na bonde letu. Geigy alifariki mwaka 1995, kabla wengi wetu tunaosoma gazeti hili hatujazaliwa.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, kinachonisumbua ni hiki. Geigy alifika bondeni akainama kutazama kilichokuwepo. Mimi mzaliwa wa hapo nilisimama ubaoni na chaki, na nje ya dirisha kulikuwa na majaruba ya mpunga yaliyojaa viluwiluwi. Ndoo moja ingetosha.

Yule binti sasa yuko kidato cha nne. Likizo hii nitapita shuleni kwao kabla hawajaanza mitihani. Nitamwambia kwamba hakuna anayeziamrisha seli, zinashikana, zinaachiana na kusogea. Na nitaanza kwa kumwambia kwamba siku ile alipouliza, mwalimu wake alikuwa hajui.