Tafakari ya Ramadhani: Shukrani ya Sheikh Ramiya



Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alitolewa Manyema, Kongo, akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Hakuwa na kitu, hata uhuru wake. Allah akamruzuku elimu mpaka akawa khalifa wa Qadiriya. Naye hakuifungia kifuani: alifungua madrasa, akasomesha watu. Alifariki mwaka 1931.

Hiyo ndiyo shukrani ya vitendo. Sisi huku Geita na Shinyanga, duara likitema tunasema Alhamdulillah, basi, tumemaliza. Lisipotema, tunanuna. Leo kabla ya kufuturu tujiulize: neema niliyonayo, nani mwingine inamfikia?

Yaa Allah, tujaalie tuwe wenye kushukuru. Amin.