Hoyt Wilhelm: Aliingia ligi kuu na miaka 29, akatoka akigonga 50

Mchezaji akifika miaka 29 bila kugusa ligi kuu, wengi humwambia atafute kazi nyingine. Hoyt Wilhelm ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Mmarekani huyu alicheza besiboli ya juu kwa miaka 21, na silaha yake ilikuwa mpira wa polepole.

Kazi yake ilikuwa mrushaji wa akiba. Mechi ya besiboli ina vipindi 9, na kila timu ina mtu wa kumrushia mpira mpigaji wa wapinzani. Aliyeanza akichoka au akianza kupigwa ovyo, anaitwa mwingine kutoka benchi. Mara nyingi anaingia mambo yameshaharibika, kosa moja tu mechi imekwenda. Enzi hizo kazi hiyo haikuwa na heshima. Wengi waliiona ni ya wazee na walioshindwa kupata namba ya kuanza.

Mtoto wa wakulima

Wilhelm alizaliwa Julai 26, 1922 Huntersville, North Carolina, kwenye familia ya watoto 11. Wazazi wake walikuwa wakulima waliolima mashamba ya kukodi.

Akiwa kijana alisoma gazetini habari za Dutch Leonard, mrushaji aliyesifika kwa mpira usiozunguka. Naye akaanza kujifunza mwenyewe.

Mpira huo unashikwa kwa ncha za vidole na kusukumwa taratibu ili usizunguke. Hewa ikigonga mishono yake, mpira unayumba huku na kule. Mpigaji hajui utaishia wapi. Kusema kweli, hata aliyeurusha hajui.

Chuma mgongoni

Mwaka 1942 alianza na timu ya ligi ya chini ya Mooresville, lakini vita ikamchukua. Alijeruhiwa Ulaya katika mapigano ya Bulge, akapewa nishani ya Purple Heart, inayotolewa kwa wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa vitani. Vipande vya chuma vilibaki mgongoni mwake, akacheza navyo miaka yote.

Alirudi Mooresville mwaka 1946. Akasota tena ligi za chini hadi 1952, New York Giants walipompandisha. Kocha Leo Durocher akampa kazi ya kuingia kutokea benchi.

Aprili 23 mwaka huo, mara yake ya kwanza kushika gongo ligi kuu, aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Watu wakadhani wamepata mpigaji. Wapi! Hakurudia tena hadi anastaafu.

Kurusha ndiko kulikomweka mjini. Msimu huo aliingia mechi 71, zote akitokea benchi, akashinda 15 na kupoteza 3. Kwa wastani wa kuruhusu pointi chache, aliongoza ligi nzima ya National. Mwaka 1954 akatwaa ubingwa na Giants.

Siku aliyowazima Yankees

Baadaye alihamahama: St. Louis, Cleveland, halafu Baltimore Orioles. Septemba 20, 1958 Orioles walimwanzisha dhidi ya New York Yankees, ambao mwaka huo walikuja kuwa mabingwa. Alirusha vipindi vyote 9 na hakuna mpigaji wa Yankees aliyefika kituo kwa kupiga mpira wake vizuri. Orioles wakashinda 1-0.

Tatizo lilikuwa kwa wadakaji wenzake. Mpira uliomchanganya mpigaji uliwachanganya na wao, ukawa unawaponyoka kila mara. Mwaka 1960 kocha Paul Richards akaamua kutengenezesha glavu kubwa kuliko kawaida, kwa ajili ya kumdakia Wilhelm peke yake.

Wenzake wanastaafu, yeye anaendelea

Mrushaji wa kasi huumiza bega na kiwiko, na wengi humaliza mapema. Wilhelm mkono wake haukuchoka hivyo. Akiwa Chicago White Sox, kuanzia 1964 hadi 1968, alikuwa ameshapita miaka 40, lakini misimu yote 5 wastani wake ulikuwa chini ya pointi 2. Ni misimu mizuri kuliko mingi aliyocheza ujanani.

Mei 1970, akiwa Atlanta Braves, akawa mrushaji wa kwanza kufikisha mechi 1,000. Alicheza mara ya mwisho Julai 1972 akiwa na Los Angeles Dodgers, siku chache kabla ya kutimiza miaka 50. Jumla: mechi 1,070.

Heshima iliyochelewa

Hata kwa rekodi hiyo, milango ya Jumba la Heshima haikufunguka haraka. Waandishi wa michezo walimpigia kura mara 8 ndipo akapita, mwaka 1985. Akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia. Wa pili, Rollie Fingers, alisubiri hadi 1992.

Baada ya kustaafu, Wilhelm alifundisha warushaji chipukizi wa Yankees, timu ileile aliyoizima 1958. Alifariki Agosti 23, 2002 mjini Sarasota, Florida, akiwa na miaka 80.

Leo timu kubwa hulipa mamilioni ya dola kwa mtu wa kuja kufunga mechi dakika za mwisho. Aliyewathibitishia kwamba kazi hiyo si ya walioshindwa ni yule mtoto wa wakulima aliyejifunza kutoka gazetini.