SISTA IRENE STEFANI, NYAATHA WA GIKONDI

Muhula uliopita, katika mkutano wa Wakristo hapa shuleni, rafiki yangu aliniuliza niliokoka tarehe ngapi. Nikakwama. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, na kila Jumapili huenda kanisani, lakini tarehe sina. Usiku huo sikupata usingizi mzuri. Je, Mungu ananijua mimi, au anamjua shosho tu nami humfuata nyuma? Ndipo nikaanza kutafuta habari za Sista Irene Stefani, ambaye mabaki yake yamo katika kanisa kuu la Nyeri, huko upande wa pili wa mlima wetu.

Alizaliwa Anfo, Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata, na mwanzoni mwa 1915 akafika Kenya. Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinaendelea. Waingereza waliwachukua Waafrika wengi mno, wengine kwa lazima, ili wabebe mizigo ya jeshi. Hao ndio walioitwa Kariakoo. (Naam, ndilo jina la lile soko la Dar es Salaam!) Walikufa kwa maelfu, na maradhi yaliwaua kuliko risasi. Sista Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa mmoja kitupu, akaambiwa amekwisha kupelekwa ufuoni pamoja na maiti. Akaenda kumtafuta katikati ya wafu, akamkuta bado anapumua. Hapo niliacha kusoma kwa muda. Hebu fikiria wewe, kupekua maiti mmoja baada ya mwingine!

Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, Nyeri, akakaa miaka kumi akifundisha, akizalisha akina mama na kuvipanda vile vilima kwa miguu. Akina mama wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua kwa watoto wao waliokuwa kazini mbali. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Nilitafuta tarehe yake ya kuokoka, wapi! Nilichokuta ni mtu aliyempenda Yesu tangu utotoni na bado akawa anamtafuta kila siku, kana kwamba amempoteza jana. Mnamo Septemba 1930, alipokuwa katika mafungo huko Nyeri, aliomba ruhusa kwa mkubwa wake amtolee Mungu maisha yake kwa ajili ya kazi ya misheni. Muda si mrefu tauni ikaingia Gikondi. Mwalimu mmoja ambaye awali alikuwa akimpinga akaugua. Irene alimuuguza huyo huyo. Mwalimu akafa, naye sista akaambukizwa. Aliaga dunia tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri mbele ya umati mkubwa ajabu.

Rafiki yangu bado ananidai tarehe. Sijamjibu.

Jumamosi iliyopita shosho aliniita nimwandikie ujumbe wa simu kwa mjomba aliye Mombasa. Kwa kawaida mimi hukunja uso, maana shosho husalimia ukoo mzima pamoja na ng'ombe. Safari hii niliketi karibu naye, nikamuuliza tuanze na salamu za nani.