Aristotle Anasingiziwa

Wapo walimu wa fasihi ambao hadi leo huzipima tanzia kwa umoja wa aina tatu: wa tendo, wa wakati na wa mahali, wakidai kuwa ndiyo sheria ya Aristotle. Maisha ya Mgiriki huyo yanatuonyesha mtu tofauti kabisa.

Alizaliwa Stagira mwaka wa 384 K.K., babake akiwa tabibu wa mfalme wa Macedonia. Akiwa na miaka 17 alikwenda Athens kusoma kwa Plato, akakaa huko miaka 20. Plato aliwashuku watunzi. Katika dola yake ya kubuni aliwafukuza, akihofia kwamba huchochea hisia na kuwapotosha raia. Mwanafunzi wake hakukubali. Aliona kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, kisha huzitakasa.

Plato alipofariki mwaka wa 347 K.K., Aristotle alihamia Assos, kisha kisiwa cha Lesbos, alikochunguza samaki na pweza: kiungo hiki kipo wapi, nacho hufanya kazi gani? Tamthilia nayo aliichambua vivyo hivyo. Alitaja viungo sita vya tanzia, yaani msuko, wahusika, fikra, lugha, muziki na maonyesho, akautanguliza msuko. Mfano aliorejelea mara nyingi ni Oedipus wa Sophocles, mtunzi aliyefariki zaidi ya miaka 20 kabla yeye hajazaliwa. Basi alieleza kazi zilizokwisha kutungwa na kupendwa. Hakuwa akiwawekea mipaka watunzi wa kesho.

Umoja wa tendo aliusisitiza, naam. Kuhusu wakati, aligusia tu kuwa tanzia hujaribu kutozidi siku moja. Umoja wa mahali hakuutaja. Aliyezifunga tatu hizo pamoja ni Mwitalia Castelvetro, mwaka wa 1570. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), inayosimulia Maji Maji, haiwezi kubanwa katika siku moja, na mwalimu anayeipunguzia hadhi kwa hilo asimtaje Aristotle.

Mwaka wa 323 K.K. Alexander, aliyekuwa mwanafunzi wake, alifariki. Waathens waliochukia utawala wa Macedonia walimshtaki Aristotle kwa kuwakufuru miungu. Alikiacha chuo chake, Lyceum, akakimbilia Chalcis, akafa mwaka uliofuata. Uchambuzi wa ramsa alioahidi katika kitabu chake haujapatikana.