Ferdinand Porsche na injini isiyo na rejeta

Ukiikuta Rohero ile Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe, usitafute rejeta. Haina. Ferdinand Porsche, aliyezaliwa Maffersdorf, Bohemia, mwaka 1875, alikuwa mtoto wa fundi bati, na bati ndilo linaloiokoa injini hiyo.

Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimpa kazi ya kubuni gari la bei nafuu. Maji huganda kwenye baridi ya Ujerumani, hivyo timu yake ikachagua hewa. Mchoro wa injini ni wa Franz Reimspiess, na Hans Ledwinka wa Tatra alikuwa ametangulia katika njia hiyo. Sifa zote zikamwendea Porsche.

Mkanda huzungusha dainamo yenye feni, na mabati huelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda nne. Hewa ya moto hutokea chini. Raba za pembeni zikipotea, injini huvuta tena moto wake yenyewe, na gari huchemka likipanda Bugarama ingawa feni ni nzima. Mafundi wengi hulaumu oili kwanza.

Wakati wa vita, kiwanda cha gari hilo kilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kazi. Wafaransa walimkamata Porsche Desemba 1945, akafungwa miezi ishirini hivi. Alifariki Stuttgart Januari 1951, miaka mitatu kabla Vic Preston hajashinda Safari Rally kwa Volkswagen.